Mashine za Chumba cha Mama

Mende alitokea mfukoni mwa suruali ya mteja. Suruali ilikuwa mpya, imepigwa pasi na kukunjwa, na yule bwana alikuwa ameshaishika tayari kuondoka. Akatia vidole mfukoni kupima kina chake, akavitoa na mende. Wala hakuwa mende mfu. Alikuwa mzima, mnene, ana afya kuliko mwenye duka, akampanda mteja kifundo cha mkono bila haraka yoyote. Mteja hakupiga kelele. Alimkung'uta, akairudisha suruali mezani, akasema atapita siku nyingine. Fundi alijua hatapita.

Aliitwa Fundi na kila mtu, hata na mama yake mzazi siku ambazo hawakugombana. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama, na sifa yake mtaani ilikuwa usafi kwanza, mshono baadaye. Alinawa mikono kabla ya kugusa kitambaa cheupe. Hakufunga duka bila kufagia vipande vya nguo na nyuzi zote sakafuni. Sasa alikaa kwenye kiti chake cha cherehani akiitazama suruali ile, hasira inampanda polepole. Hakuhitaji kumtafuta mchawi. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii wahenga hawakuwa wamezungusha maneno.

Ukuta wa nyuma wa chumba chake ndio ukuta wa chumba cha mama. Hicho kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote nyumbani, chenye dirisha pana la kutazama uani, hewa inaingia na kutoka inavyopenda. Daktari aliyempima mama kifua alisema wazi kabisa kwamba mwenye pumu ya namna ile alale penye dirisha. Mama hakulala humo. Alilala koridoni, kwenye kitanda cha chuma kilichobanwa kati ya mlango wa choo na kabati la vyombo, kifua kinapiga filimbi tangu jioni hadi asubuhi. Chumbani kwake zilikaa mashine.

Mashine zililetwa na kitinda mimba wa nyumba ile, mdogo wake Fundi, aliyeitwa Profesa. Jina hilo alipewa shuleni kwa kejeli, mwaka aliorudia darasa, naye akalipokea kwa mikono miwili na hajalirudisha mpaka leo. Alikuwa kijana mtanashati, maneno mengi, mama yake akimtazama anasahau alichotaka kumkemea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa kwa kuambiwa ndiyo.

"Hizi zinafanya nini?" Fundi alimuuliza siku alipoziingiza zile tatu za kwanza. "Na unieleze kwa maneno ya watu."

"Zinachimba sarafu ya mtandaoni. Sawa, usinune. Wewe si fundi? Chukua tajiri mmoja. Kila dakika kumi anatoa zawadi moja kwa fundi wa kwanza kutunga uzi kwenye sindano. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Mafundi wakiwa watatu, anawapa sindano zenye tundu pana, na dakika kumi zinawatosha. Wakija mafundi mia, si lazima mmoja wao atatunga papo hapo? Zawadi zingeisha siku moja. Kwa hiyo tajiri anawapa sindano zenye tundu dogo, wahangaike, mpaka zawadi irudi kuwa moja kila dakika kumi. Mafundi wakipungua, anapanua tundu. Sisi tunauita ugumu. Unapanda na kushuka kila Jumapili, kwa kuangalia mashine ngapi zimetoka jasho wiki iliyopita."

"Na nguo?"

"Nguo gani?"

"Sindano zikishatungwa uzi, wanashona nini?"

"Hawashoni kitu, dada. Ni kutunga tu."

Fundi alidhani anataniwa. "Na wale tisini na tisa waliochelewa?"

"Wanaanza upya."

"Na umeme wao?"

"Umeshaliwa," Profesa akasema, akacheka.

Fundi hakucheka. Yeye alikuwa mtu wa kuona vazi mwisho wa siku, hata kama ni kiraka cha magotini. Mafundi mia kutwa nzima wanalamba ncha ya uzi na hakuna hata shati moja, hilo lilimkinaisha tangu siku ile, kabla hajajua kuna la kukinaisha zaidi.

Sarafu zenyewe kubwa, zenye jina, zilikuwa zimeshashikwa na matajiri wenye maghala ya mashine. Profesa akachagua ndogo iitwayo Chembe, ambayo dunia nzima waliichimba watu wa kuhesabika. Miezi ya mwanzo ilimkubali. Alinunua viatu vyenye soli nyeupe, akamletea mama blanketi, na mama akawaonyesha wageni lile blanketi hadi likachakaa kwa kushikwashikwa. Habari haina miguu ila inakimbia. Ndugu wakaanza kuja kumsalimia mama mara nyingi kuliko walivyokuja alipolazwa hospitali.

Wa kwanza kununua alikuwa Mjomba, mdogo wake mama, dereva mstaafu aliyeuza pikipiki yake ili apate mashine. Akafuata Shangazi, dada wa marehemu baba, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kisha binamu yao Kinyozi, ambaye alipunguza viti saluni ili aongeze mashine kwa mama. Wote waliziweka chumbani kwa mama, maana ndiko kulikokuwa na nyaya nene za umeme, zilizowekwa zamani kwa ajili ya jiko kubwa. Ndipo mama alipohamia koridoni. Kwa muda tu, Profesa alisema, mpaka mradi usimame. Mama ndiye aliyemwomba Fundi ashone vitambaa vya rangi vya kufunga kwenye mashine zisije zikachanganywa: kijani za Mjomba, njano za Shangazi, nyekundu za Kinyozi. Fundi alishona, kwa sababu mama kaomba.

Sasa sikia ujinga wa watu wenye akili zao timamu. Kwa kuwa wachimbaji wa Chembe walikuwa wachache hivyo, nyumba ile peke yake ilikuwa ndiyo sehemu kubwa ya wachimbaji wote. Mashine ya Mjomba ilipowaka, Jumapili iliyofuata ugumu ulipanda na fungu la kila mmoja likapungua. Wakakaa kikao. Wakaamua dawa ya kupungua ni kuongeza. Shangazi akaleta ya pili, ugumu ukapanda, mafungu yakapungua tena. Kinyozi naye akaleta nyingine. Ni wao wenyewe waliokuwa wanajizibia matundu ya sindano, na kila walipobanwa walikwenda dukani kununua kibano kingine. Mashine za ndugu zikafika kumi na mbili, na mama akawa anasikia ngurumo ya feni mpaka kichwani.

Siku ya mende wa mteja, Fundi alichukua ufagio, kizoleo na ndoo ya maji ya moto, akaenda chumbani kwa mama. Profesa hakuwapo. Alikataza watu kuingia, eti vumbi la miguu linaua mashine, lakini mlango aliuacha nusu wazi saa zote ili joto litokee koridoni. Yaani litokee kitandani kwa mama. Mama alikuwa ameketi hapo amejifunika kanga usoni, anapumua kwa mdomo, akamwambia binti yake asimkasirishe mdogo wake. Fundi akapita.

Harufu ndiyo iliyompokea. Ilikuwa ya vumbi lililoungua pamoja na kitu kitamu kilichochacha, harufu ambayo mtu akishaijua haisahau, ya mende wengi waliokaa pamoja muda mrefu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa boksi. Kabati la mama lilisukumwa pembeni, na alipolifungua aliona nguo za kutokea za mama zimetapakaa vinyesi vyeusi, vidogo, kwenye kola na kwenye kifua. Alilifunga polepole.

Akaanza na mashine za Mjomba, akijiandaa kwa vita. Feni zilikuwa zinavuma, taa za kijani zinapepesa. Akainua ya kwanza kwa tahadhari na kuitikisa. Hakutoka mende hata mmoja. Akaenda kwa zile za Shangazi, vitambaa vya njano vinapepea kwa upepo wa feni. Hakuna kitu. Za Kinyozi vivyo hivyo, safi kuliko sahani za kabatini. Fundi akasimama, mkono wake bado umelala juu ya bati la mashine, na hapo ndipo akatambua kwamba bati ni la baridi. Upepo uliokuwa unatoka nyuma yake ulikuwa wa baridi pia. Feni zilizunguka kwa waya wake wa pembeni, taa kwa waya wake wa pembeni, na mashine yenyewe imelala fofofo.

Joto lilikuwa linatoka kwenye kona, nyuma ya kabati la mama, palipotundikwa shuka. Akalivuta shuka. Mashine tatu za Profesa zilikuwa hapo, zimebebana, zinaunguruma kwa kazi ya kweli, na mende walikuwa wamezifunika tabaka juu ya tabaka. Walikuwa wanatembeleana migongoni. Walijaza mianya ya feni, mayai yao yamegandamana kwenye nyaya, makumi kwa makumi. Wadudu wale hawakusoma popote, ila walijua mashine ipi inafanya kazi kabla ya Mjomba. Fundi alitoka nje kwa kinyumenyume, akatapika uani.

Profesa alirudi mchana ule akamkuta dada yake amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ndoo miguuni. Alitazama uso wake, akatazama ndoo, akajua.

"Umevuta shuka," akasema.

"Umewaibia."

"Sijamwibia mtu. Chukua simu yangu ukague, hakuna hata Chembe moja ya Mjomba iliyoingia kwangu. Nimezima tu, nikawaambia ugumu umemeza mafungu yao, wavumilie."

"Na huo mchango wa umeme unaokusanya kwao?"

"Feni si zinazunguka? Taa si zinawaka?"

"Za nini hizo feni, kama mashine umezizima?"

Profesa alichuchumaa, akapangusa soli ya kiatu kwa kidole gumba. "Mjomba anapenda mlio. Akija anakaa na mama pale koridoni, anasikiliza, anasema leo zinachapa kazi. Nikizima feni si atajisikia vibaya?"

Kuna watu wakikosa huona aibu, na kuna watu wakikosa hukueleza. Huyu alianza kueleza.

"Sikiliza, dada. Zikiwaka zote, ugumu unapanda na kila mtu anapata makombo. Nikizizima zao, Jumapili unashuka, hizi zangu tatu zinapata cha maana. Zawadi ni zilezile, haziongezeki wala hazipungui. Kuna ubaya gani mmoja akishiba, kuliko wote walale njaa?"

"Mama analala mlangoni pa choo," Fundi akasema, "anavuta joto lako na pumzi ya mende wako, ili uzungushe feni za kumfurahisha Mjomba."

"Mama anajua ni kwa muda."

"Nakuonea kinyaa," Fundi akamwambia. Hakupandisha sauti. "Sikujua mtu anaweza kumwonea kinyaa mtoto aliyembeba mgongoni."

Profesa alikunja uso kidogo, kama kiatu kimembana, kisha akaingia ndani.

Fundi angezitoa zile mashine siku ileile na kuzitupa barabarani. Lakini nyumba ni ya mama, na mama alikataa katakata. Hakutaka vita vya ndugu mlangoni kwake. Alikubali jambo moja tu, waitwe wote Jumapili, waambiwe. Fundi akaridhika. Aliamini wakishajua walivyochezewa, watazibeba mashine zao kwa hasira na kumwachia mama chumba. Kwa siku zote zilizobaki alishona akiwa na amani moyoni, akipiga hesabu ya mapazia mapya ya dirisha la mama.

Jumapili walijaa katika chumba cha kushonea. Mjomba alikaa kwenye kiti cha wateja, Shangazi kwenye gunia la vitambaa, Kinyozi amesimama mlangoni, mama kwenye kochi dogo karibu na cherehani. Profesa aliegemea ukuta, simu mkononi. Fundi akawaeleza yote, mende, bati la baridi, waya wa feni, shuka la kona. Hakuongeza chumvi. Alipomaliza, Mjomba alikuwa amevimba shingo.

"Profesa," Mjomba akaita.

"Naam, Mjomba."

"Ukizima zetu zote, zako tatu zinapata kiasi gani?"

Profesa alisita. Kisha akaugeuza uso wa simu. Mjomba akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akampa Shangazi. Shangazi akampa Kinyozi. Simu ilipita mkono kwa mkono, na Fundi alizitazama nyuso zao zikibadilika. Hasira iliondoka kwanza. Kilichoingia mahali pake alikijua, aliwahi kukiona kwa wateja wanaogundua kitambaa kimebaki baada ya kukata nguo.

"Umetukosea sana, mwanangu," Shangazi akasema, kwa uchungu wa kweli. "Sana. Ungetuambia mapema tungepangiana zamu."

"Zamu," Mjomba akarudia, akiitafuna.

"Wiki ya kila mtu," Kinyozi akasema kutoka mlangoni. "Mmoja anawasha, wengine tunazima. Haki sawa."

Fundi alikuwa amewaletea moto akidhani watakimbia. Kumbe walikuwa wanatafuta mahali pa kuota. Walisogeza viti. Walianza kupanga nani baada ya nani, na Profesa akawa mwalimu wao, anawaeleza kwamba ugumu wa wiki hii unapimwa kwa jasho la wiki iliyopita, kwa hiyo zamu ni lazima ifuatwe bila udanganyifu. Alilisema neno udanganyifu bila kupepesa, na wote wakatikisa vichwa kumkubali.

"Na mama?" Fundi akauliza.

"Mama atapata fungu lake," Mjomba akasema, bila kugeuka.

Hapo mama akainua mkono. Aliinua kama mtoto wa shule, kiwiko kimeshikwa na mkono mwingine, akangoja mpaka wamtazame.

"Na mimi mnipangie zamu," akasema.

"Zamu ya mashine, dada?" Mjomba akauliza.

"Zamu ya chumba. Wiki moja tu nilale dirishani, mkizizima. Halafu mtaendelea."

Mama mwenyewe alionekana kuona ameomba kikubwa, akaanza kukunja pindo la kanga yake. Kisha Profesa akaondoa mgongo ukutani.

"Wiki ya mama zitazimwa zote," akasema polepole. "Zote kabisa, hata zangu. Jumapili yake ugumu utashuka haujawahi kushuka hivyo. Atakayewasha baada ya mama..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

"Mpeni," Mjomba akasema haraka. "Mpeni dada yangu wiki yake. Mama ni mama."

"Mama ni mama," wakaitikia wote.

Mama alilia. Aliwashika mikono mmoja mmoja, akawaombea heri, akasema hakujua bado wanamkumbuka hivyo. Fundi akamwinua, akampeleka koridoni kupumzika, na aliporudi akawakuta wote wamehamia barazani wanagombana. Walikuwa wanagombea wiki ya baada ya mama, kila mmoja na hoja yake. Mjomba alisema yeye na mama wamenyonya ziwa moja. Shangazi alisema ni yeye aliyempokea mama siku alipoolewa na kaka yake, akamfundisha kila kona ya nyumba ile. Kinyozi alisema yeye humkata mama kucha za miguu, na hajawahi kudai chochote. Profesa alisema yeye ndiye wa tumbo lake. Kila mmoja aliuweka upendo wake mezani, kwa zamu, akingoja kuona nani atapanda dau. Fundi alisimama nyuma ya mlango akiwasikiliza ndugu zake. Hawa ndio watu waliomsomesha, waliomzika baba yake, na alitamani kama asingewahi kula nao sahani moja. Mwishowe wakapiga kura kwa vifungo alivyokuwa navyo Kinyozi mfukoni, na Mjomba akashinda.

Fundi alikwenda bombani. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akarudia.

Kesho yake aling'oa boksi dirishani. Mashine alizisukuma zote ukuta mmoja, akazimwagia dawa, akafagia mende vizoleo na vizoleo, wengine bado wanatikisa miguu. Alipiga deki mara tatu. Nguo za mama alizifua, na zile zisizotoka madoa akazichoma uani bila kumwambia. Kitanda cha chuma kikarudi mahali pake. Nyumba ilikuwa kimya mpaka Fundi akaisikia saa ya ukutani, ambayo alidhani iliharibika zamani.

Mama alikaa dirishani kama mgeni, magoti pamoja, akiogopa kuchafua. Siku ya pili akaomba kazi, Fundi akampa vifungo vya mashati ashikize. Filimbi ya kifuani ilipungua, kisha ikawa ya usiku tu, kisha mama akaanza kusimulia mambo marefu bila kukatisha kwa kikohozi. Alikula. Alimtania Fundi kwamba mshono wake wa mkono umekuwa wa haraka kama wa mtu anayedaiwa. Fundi alikuwa amesahau kwamba mama yake ni mcheshi.

Jumapili ikafika. Walikuja wote, ingawa zamu ilikuwa ya Mjomba peke yake. Profesa alikuwa ameshaangalia simu, na uso wake uling'aa. Ugumu ulikuwa umeshuka kuliko hata alivyosema. Waliingia chumbani viatu miguuni, juu ya sakafu ile, na Mjomba akashika ukingo wa kitanda upande wa miguu.

"Shikamoo, mama," Profesa akasema.

"Marahaba, baba."

"Dada, wiki imekwisha," Mjomba akasema kwa upole mwingi.

Mama hakubisha. Aliweka shati pembeni na sindano yake, akasimama, akaanza kukunja blanketi, pembe kwa pembe, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Alikuwa anatabasamu ili wasijisikie vibaya.

Fundi alikuwa mlangoni. Alikuwa na maneno mengi kifuani. Alifikiria kutaja daktari. Alifikiria kuwauliza kama hawaoni aibu. Maneno yote hayo alikuwa ameshayatumia, na hakuna lililobaki na makali. Alijua lugha moja tu wanayoisikia, na alijua ataichukia sauti yake mwenyewe akiisema.

"Mna haraka gani, Mjomba?" akasema. "Umeshuka hivi kwa wiki moja tu. Mkiuacha wiki ya pili utashuka zaidi."

Mkono wa Mjomba ukabaki kwenye chuma cha kitanda. Akamtazama Profesa. Profesa naye akamtazama dada yake, kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe alimtazama kwa heshima.

"Dada ameelewa," akasema. "Ni kweli. Utashuka zaidi."

"Basi na kura ipigwe upya," Shangazi akadakia.

"Hapana, kura ni ileile."

"Wiki mpya, kura mpya," Kinyozi akasema.

Wakatoka nje wakibishana, Mjomba akiwa wa mwisho kukiachia kitanda. Fundi aliwasikia barazani wanaulizana kama wiki ya tatu nayo haitakuwa bora kuliko ya pili, na nani ana moyo wa kusubiri. Walikuwa na subira ya ajabu, ndugu zake, kwa jambo lenye faida. Ladha ya yale maneno aliyoyasema ilikuwa bado mdomoni mwake, na alitamani kitu cha kusukutulia.

Mama alikuwa amelishika blanketi lililokunjwa, hajui aliweke wapi. Uso wake ulikuwa umelegea kwa furaha.

"Umeona?" akamwambia binti yake. "Nawe ulivyokuwa unawasema vibaya. Wamenionea huruma."

Fundi alilichukua lile blanketi mikononi mwake, akalikunjua.

"Ndiyo, mama," akasema. "Wamekuonea huruma." Akaanza kumtandikia upya kitanda.